Shubiri ya Bwana Harusi

Bwana Jeilani bin Madi alikuwa na tumbo bovu, na wala hapa hasingiziwi. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisema habari hii, miaka mingi baadaye, barazani kwake Langoni mbele ya watu wazima wenzake, na kila alipofika pahali pa kujitukana alijitukana vizuri kuliko ambavyo adui yake angeweza. Basi nasi tutaisema kama alivyoisema, bila ya kumhurumia, kwa sababu yeye hakujihurumia.

Wakati huo alikuwa akikaribia hamsini. Ndevu kazipaka hina, kofia kaishona mwenyewe, na kazi yake ni kununua papa na ng'onda, samaki wa kukausha, huko Kizingitini, akaja kuuza mjini Amu. Mkewe alikuwa amefariki zamani, hakumwachia mtoto. Nyumbani aliishi peke yake na lile tumbo lake, na tumbo ndilo lililokuwa na amri. Akila samli, linanguruma. Akila nyama jioni, asubuhi anaamka kama kameza jiwe la kusagia. Kwa hiyo alikula mkate mkavu na samaki wa kuchoma, mlango kaufunga, akimshukuru Mungu kwamba hakuna anayemwona.

Angekaa hivyo mpaka kufa kwake, lakini akampenda Hadia.

Hadia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi, na alikuwa ameachika. Tuseme kweli: hakuachwa, alidai talaka mwenyewe. Mume wake wa kwanza alikuwa akija nyumbani anachovya chovya chakula kama kuku mgonjwa, anasema ameshiba, na watu wote wakamwona mtu wa staha. Kumbe ana mke mwingine kule Shela, na mtoto, na huko ndiko alikokuwa akishiba. Hadia alikuja kuyajua hayo arusini kwa watu, mbele ya wanawake waliokwisha kuyajua kabla yake. Aibu hiyo hakuisahau.

Mama yake, Bi Alawiya, naye alipata fundisho lake humo, na fundisho lenyewe lilikuwa moja tu: mwanamume asiyekula ana jiko jingine. Basi alipokuja Bwana Jeilani kuposa, Bi Alawiya akiwa nyuma ya pazia, hakumwuliza habari za biashara wala ukoo. Alimwuliza, "Wewe, Bwana, wala chakula?"

Na Bwana Jeilani, mpumbavu wa watu, akajipiga kifua. "Mimi, Bi Alawiya? Sahani yangu hairudi jikoni na kitu."

Hadia naye akatoa sharti lake kupitia kwa ami yake, Bwana Husseini: hataki mke mwenza, wa dhahiri wala wa siri. Hilo lilikuwa jepesi. Bwana Jeilani aliweka mkono juu ya msahafu akaapa, kwa raha kabisa, maana hata paka hakuwa naye. Ndoa ikakubaliwa.

Aliporudi kwake ndipo akili ilipomrudia. Arusi ni fungate, na fungate ni kufungiwa ndani kwa mkwe, unaletewa chakula asubuhi, adhuhuri na jioni, na nyumba nzima inahesabu ulichobakisha. Tena Hadia si mwari. Kwa mke aliyekwisha kuolewa siku tatu zingetosha, lakini Bi Alawiya alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mkwewe atakaa saba kamili, watu waone jinsi mume wa mara hii alivyo mlaji. Bwana Jeilani akaketi kitandani, akalishika tumbo kwa mikono miwili. "Umeniua," akaliambia. Tumbo likajibu kwa namna yake.

Akakumbuka marehemu baba yake. Mzee Madi kila alipoalikwa karamu alikuwa kwanza akimeza punje ya shubiri, ndogo kama mtama, ndani ya tende, na kusema kwamba uchungu ule ndio unaoliamsha tumbo likafanya kazi. Basi Bwana Jeilani akajifunika kilemba mpaka kwenye nyusi, akaenda kwa Bi Barka, muuza dawa. Bi Barka alikuwa mwanamke mwema, lakini siri ukimpa asubuhi, adhuhuri imekwisha kuvuka bahari kufika Manda.

"Nataka shubiri," akanong'ona.

Bi Barka hakushangaa. Nusu ya shubiri yake ilinunuliwa na wazazi, maana mtoto akifika miaka miwili na bado anang'ang'ania ziwa, mama hujipaka shubiri, na mtoto akionja mara moja tu anaacha mwenyewe kwa kilio. Kwa hiyo akauliza, kama alivyouliza kila mtu, "Mwana aachishwa?"

Hapo ndipo pa kujitukana pa kwanza. Angeweza kusema "la." Angeweza kusema "ni dawa ya babu." Bwana Jeilani aliona afadhali dunia nzima isijue kuwa bwana harusi mtarajiwa ana tumbo la kizee, akasema, "Eee, mwana aachishwa," akachukua donge lake katika kitambaa akaenda zake kifua mbele, akijiona mjanja.

Arusi ikapita kwa heri. Akaingizwa ndani, na fungate ikaanza.

Lo, kile chakula! Asubuhi mahamri na vitumbua na mayai ya samli. Adhuhuri wali wa nazi, kuku wa kupaka, na bokoboko lililosongwa kwa nyama mpaka kijiko kinasimama. Jioni mbuzi. Katikati ya hayo halua, kaimati, visheti, kwa kuwa Bi Alawiya aliogopa mkwe asije akakaa na njaa kati ya mlo na mlo. Kila kabla ya kula Bwana Jeilani alingoja Hadia ageuke, akachomoa kitambaa chake ndani ya mto wa kulalia, akabandua punje, akaisokomeza katika tende, akameza bila kutafuna. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Kisha akala. Akala kila kitu, akafuta sahani kwa mkate, na sahani zikarudi jikoni nyeupe. Kutoka kule nyuma alisikia wanawake wakipiga vigelegele, kama kwamba kashinda vita.

Tena dawa ilifanya kazi, hilo tusilikane. Tumbo lilinguruma, lakini halikumwasi.

Na Hadia alimfurahisha kuliko alivyotazamia. Alimsimulia visa vya mtaa, akaiga sauti za watu, akamcheka kwa ndevu zake za hina, naye akajikuta akimngojea azungumze kama mtu anayengojea adhana ya kufuturu. Zamani alidhani anataka mke. Siku ya tatu alijua anamtaka huyu.

Sasa njooni pa kujitukana pa pili. Mtu mwenye akili zake, akiwa na kitu cha kuficha, hakifichi katika kitanda cha fungate. Kitanda kile kila asubuhi kinaingiliwa na somo, kungwi wa bibi harusi, kutandikwa upya, kumwagiwa asmini na kufukizwa udi. Somo wa Hadia alikuwa Bi Hindu, mtu mzima, mwenye vidole vya kuona kuliko macho. Siku ya nne akaupiga mto, akahisi kitu kigumu, akaingiza mkono.

Bwana Jeilani alikuwa anatawadha chooni, upande wa pili wa ukuta. Akasikia sauti ya Bi Hindu ukumbini ikimwita mkwewe.

"Bi Alawiya, ndoo uone. Hichi ni nini?"

Kisha sauti ya mkwewe, "Ramba."

"Tayari. Ni shubiri."

"Shubiri! Mwanamume ataka nini na shubiri?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe. Mimi tangu nizaliwe sijaona mwanamume akitembea na shubiri isipokuwa ana mwana wa kuachishwa ziwa. Na mwana hamei kama uyoga, Bi Alawiya. Ana mama yake. Na huyu Bwana Kizingitini haishi kwenda."

Mtu mwingine angetoka pale pale, udhu umekatika na usikatike, akapiga kelele kwamba wallahi siyo. Bwana Jeilani alisimama na kopo la maji mkononi, na jambo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, lilikuwa furaha. Mke wa siri! Yeye! Na mtoto wa miaka miwili! Kwa umri huu bado watu wanamdhania mambo kama hayo! Akarudi chumbani, akapita mbele ya kioo, akasimama. Akazipapasa ndevu. Akageuza uso upande huu na upande huu. "Si haba," akajiambia.

Hadia alimkuta amesimama hivyo hivyo. Hakukaa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nataka kukuuliza neno moja," akasema. "Una mtu Kizingitini?"

Jibu lilikuwa jepesi. Lilikuwa "sina, ni tumbo." Lakini neno tumbo alilimeza, na badala yake, mwanamume huyu, mwenye ndevu za kupaka rangi, akatabasamu. Akacheka kidogo, hivi, kwa pua. Akasema, "Watu wa Amu husema mengi, Bi Hadia."

Hadia alijifunika ushungi kichwani kama unavyojifunika mbele ya mgeni, na akasema kwa sauti ya chini, "Mara ya kwanza niliambiwa na watu. Mara hii nimeuliza mwenyewe, nimechekwa. Ami yangu atakuja. Mwandikiane mnayoandikiana ya talaka, kisha utoke nyumbani mwetu."

Akatoka. Kicheko kikamfia Bwana Jeilani puani. Akakaa chini juu ya mkeka, kwenye harufu ya udi na asmini, na alipojaribu kufikiri nyumba yake ya Langoni, na mkate mkavu, na mlango uliofungwa, aliona hawezi. Hapo alilia, kweli, na hakuona haya kuisema baadaye.

Bwana Husseini alifika kabla ya jua kupanda sana. Alikuwa mtu mpole, mnene, asiyependa ugomvi, na aliketi karibu na Bwana Jeilani kama mtu anayekaa na mgonjwa. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nyuma yake walikuwapo Bi Alawiya, Bi Hindu na Hadia. Kitambaa cha shubiri kiliwekwa kati yao juu ya sinia.

"Bwana Jeilani," ami akaanza, "uliapa."

"Niliapa kweli. Sina mke mwingine. Ile ni dawa yangu. Mimi ni mgonjwa wa tumbo. Tangu ujana. Chakula hakisagiki."

Nyuma ya pazia Bi Alawiya alicheka kwa hasira. "Tumbo! Mtu aliyemaliza bokoboko la watu wanne! Jana kala mbuzi mpaka mifupa tumeona haya kuitupa! Huyu ndiye mwenye tumbo?"

Sifa yake mwenyewe ikasimama kushuhudia dhidi yake.

"Muulizeni Bi Barka," akasema, na mara akalitamani neno lirudi. Lakini Bi Hindu alikuwa amekwisha kutuma mtu, na Bi Barka hakukaa mbali. Alikuja akihema, furaha ya kuitwa imemjaa usoni.

"Nilimwuzia mimi, naam," akasema. "Na nilimwuliza kwa mdomo wangu huu, mwana aachishwa? Akaniambia, eee, mwana aachishwa."

Bwana Husseini aliinamisha kichwa, akaanza kupangusa miwani yake kwa ncha ya kanzu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetafuta namna ya kumtoa mgeni nje bila ya kumtukana. Bwana Jeilani alitazama pazia. Alijua Hadia yuko wapi, maana pale pazia lilikuwa likitikisika.

"Nilimdanganya Bi Barka," akasema. "Nimewadanganya nyote. Nilimdanganya huyu nisionekane mzee, nikawadanganya ninyi nisionekane mgonjwa. Sikudanganya kwa habari ya mwanamke mwingine hata mara moja. Ningejua kudanganya kwa habari hiyo nisingekuwa hapa nikieleza habari za choo mbele ya mkwe wangu!"

Bwana Husseini akakohoa. Hakuna aliyecheka.

"Basi aile," ikasema sauti ya Bi Alawiya. "Mimi nimelea wana. Mdomo usioizoea shubiri hautulii nayo. Akiwa ni dawa yake, aile tumwone."

Ami, kwa kutaka haki, aliona kwanza aionje. Akagusa kwa kidole, akaweka ulimini. Masikini Bwana Husseini! Macho yalimtoka, akatema katika kiganja, akatema katika leso, akaomba maji, akaomba na tende, na kwa kitambo kizima baraza lile halikuwa na mwenyekiti.

Bwana Jeilani alilivuta sinia. Kilichotakiwa kilikuwa punje, na yeye alilijua hilo kuliko wote waliokuwamo. Lakini alikuwa na uchungu wa moyo, na alikuwa na kiburi kile kile kilichomleta hapo, basi akalitwaa donge zima, ukubwa wa kungumanga, akalitia kinywani bila ya tende wala maji. Akalitafuna. Alitafuna taratibu, uso umetulia, machozi yakimshuka, akameza, na akafungua kinywa mbele ya ami kama mtoto anayemwonyesha mwalimu.

"Ya Latifu," akasema Bwana Husseini.

"Ameila yote?" akauliza Bi Hindu. "Yote? Mtu huyu atakufa."

Hakufa, ingawa baada ya adhuhuri alitamani afe. Dawa ya baba yake kwa punje huliamsha tumbo. Kwa donge hulifukuza nyumbani. Mle mlikuwamo bokoboko la siku nne, na mbuzi, na kaimati, na vyote vikapigiwa ngoma ya kuhama kwa pamoja. Nyumba za Amu zina kuta nene, lakini choo cha ndani kinabeba sauti. Bwana Husseini alikuwa amekaa ukumbini akingoja hukumu ijiseme yenyewe. Alisikiliza kwa kitambo, akavaa viatu, akamwambia Bi Alawiya, "Mimi nimeridhika," akaenda zake haraka. Bi Barka aliondoka naye, na kabla ya Alasiri mji mzima ulikuwa umeridhika vile vile.

Bi Hindu ndiye aliyefunga kesi. "Mwenye mke Kizingitini angekwenda kwa mkewe," alisema nje ya mlango wa choo, makusudi asikiwe. "Huyu hata daka la mlangoni hawezi kulifika."

Ilipokaribia Magharibi Bwana Jeilani alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, mwepesi kama kanzu iliyokamuliwa. Hina ya ndevu ilikuwa imekutana na jasho, na ukweli wa mvi ulikuwa unachungulia. Hadia akaingia na bakuli la uji wa mchele, mweupe, hauna sukari wala samli. Akakaa. Ushungi hakuuvua.

"Mama ameamini," akasema. "Ami ameamini. Mui mzima umeamini."

"Na wewe?"

"Naamini huna mke. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu tangu adhuhuri." Alikoroga uji, akaupuliza. "Lakini yeo asubuhi nilikuja kwako nimelia. Nikakuuliza. Ukacheka. Nieleze kile kicheko."

Bwana Jeilani alitafuta maneno ya kujipamba, kwa mazoea tu, akaona hata nguvu za kujipamba zimemtoka na yale mengine. Akasema, "Nilifurahi. Nilisikia watu wananidhania kijana. Nikaona heri unidhanie nina mke wa siri kuliko unijue nina tumbo."

"Hata nikiumia?"

"Sikukufikiri wewe. Nilijifikiri mimi. Nilikuwa najitazama katika kioo."

Hadia aliukoroga uji tena. Nje walikuwa wanaadhini.

"Tumbo lako ningelilea," akasema mwishowe. "Ningekupikia uji huu huu tangu siku ya kwanza, na Mama angesema mpaka achoke. Tumbo si kitu, Jeilani. Kile kicheko ndicho sijui nikiweke wapi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina bila ya Bwana, na yeye hakujua kama ni mapenzi au ni kumshusha cheo. Hakuthubutu kuuliza. Alijaribu kuinuka apokee bakuli, bakuli likamwelemea, uji ukamwagika kidogo juu ya mkeka.

"Utaniacha?" akauliza.

"Sijui. Kunywa."

Akanywa. Hadia hakutabasamu, lakini aliliinua bakuli kwa mikono yake miwili mpaka kinywani mwa mumewe, na hakuliachia mpaka uji ulipokwisha.